Watoto Sitini na Mmoja wa Mugoma

Agripina Nduwayo alikuwa na miaka kumi na tisa alipomzika mtoto wake wa kwanza, na mtoto huyo aliuawa na meno ambayo hayakuwepo. Odeta alikuwa wa miezi saba. Alishikwa na homa na kuharisha, na mama mkwe alipompapasa ufizi akaona vivimbe vyeupe, akasema hayo ni meno ya plastiki, yasipotolewa yatamuua. Wakampeleka kwa bibi mmoja ng'ambo ya kilima aliyekuwa akiyachimba kwa ncha ya spoki ya baiskeli. Odeta alivuja damu siku mbili. Siku ya tatu wakamzika nyuma ya nyumba, kwenye migomba.

Zahanati ilipotafuta mtu wa kujitolea kuwafundisha akina mama, Agripina alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Kwa zaidi ya miaka ishirini alitembea vilima vya Mugoma, mlango kwa mlango, akifumbua vinywa vya vichanga na kuwaonyesha wazazi kwamba kile kivimbe cheupe ni jino la mtoto mwenyewe linalojiandaa kutoka. Alitukanwa, akafukuziwa mbwa, akaitwa mchawi. Hakuacha. Yule bibi wa spoki alikufa akiwa hana tena mteja hata mmoja, na Agripina alikwenda kumzika pamoja na watu wengine. Kufikia hapo jina lake halisi lilikuwa limeanza kusahaulika. Wakubwa kwa wadogo walimwita Mama Afya.

Mume alimwacha mapema kwa sababu hakumpatia mtoto mwingine. Lakini nyumba yake haikuwa tupu. Mdogo wake, Leonsia, alifariki akaacha mtoto wa kiume wa miaka minne aitwaye Celestini, na Agripina akamchukua. Alimlisha, akamvusha shule ya msingi, akamvusha sekondari ya Rulenge, na kijana alipochaguliwa kwenda chuo cha afya kusomea utabibu wa meno, Agripina alitangaza habari hiyo kanisani mwenyewe, kwa sauti iliyotetemeka. Wenzake walidhani anatetemeka kwa furaha tu. Yeye alikuwa akimfikiria Odeta.

Kwa hiyo mwaka juzi, mwezi wa pili, gari jeupe lilipopanda kilima na Celestini akashuka akiwa na fulana yenye nembo ya mradi, Agripina alihisi kama mtu aliyeletewa zawadi aliyoingoja ujana wake wote.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Karibu nyumbani."

Alimpikia maharage na ndizi. Celestini alikula akizungumza, akaeleza kwamba mradi wao una ofisi Biharamulo mjini, na kwamba yeye ndiye msimamizi wa wilaya zote mbili, Biharamulo na Ngara. Madaktari wa meno ni wachache mno, alisema, hawawezi kufika kila shule. Lakini simu inaweza kufika. Mhudumu wa kijijini anapiga picha za meno ya mtoto, anazituma, na daktari aliyeko mjini anaziangalia na kujibu siku hiyohiyo kwa rangi: kijani maana yake meno mazima, njano maana yake yameanza kuoza, nyekundu maana yake mtoto anahitaji matibabu haraka.

"Tunataka kuanza na watoto wa darasa la kwanza na la pili," Celestini alisema. "Na tunataka wewe ndiye upige picha hizo, Mama."

"Mimi? Na macho haya?"

"Wewe. Hakuna anayevijua vinywa vya Mugoma kukushinda."

Alifundishwa siku tatu pale zahanati. Ilikuwa kazi ya subira kuliko alivyodhani. Mtoto anaketi akiutazama mlango ili mwanga umwangukie usoni. Unamkausha meno kwa pamba, maana mate yanang'aa na kuharibu picha. Unalivuta shavu kwa mpini wa kijiko cha plastiki, taratibu, bila kumkwaruza. Picha tano: mbele, juu, chini, kulia, kushoto. Jina la mtoto haliandikwi, inaandikwa namba. Na kwa kuwa mtandao wa bondeni ulikuwa wa kuvizia, kila alasiri Agripina alipanda hadi mgongoni mwa kilima, akasimama penye kisiki cha mkaratusi, akainua simu juu hadi picha zote ziondoke.

Fomu za ridhaa aliwasomea wazazi mwenyewe. Wengi wao walikuwa watu wa familia zilizovuka kutoka Burundi na Rwanda miaka ile ya vita, na kusoma Kiswahili cha ofisini kuliwapa shida. Fomu ilisema mtoto atapigwa picha mara mbili, mwanzo wa mwaka na mwisho wa mwaka, na kwamba mwenye tatizo atapewa rufaa. Wazazi hawakuuliza mengi. Walimtazama Agripina, wakaweka dole gumba.

Katika watoto mia mbili na kumi na nne, sitini na mmoja walirudi na rangi nyekundu.

Agripina hakuitarajia hesabu hiyo. Alijua wanatafuna miwa na pipi za vijiti, na kwamba mswaki ni kitu cha nyumba chache, lakini sitini na mmoja! Mmoja wao alikuwa Uwase, mtoto wa jirani yake Esperansia, msichana wa miaka saba aliyekuwa akicheka huku ameziba mdomo kwa kiganja. Alipomwondolea kiganja kile, Agripina aliona magego mawili ya chini yameoza hadi yamebaki kama vikombe vilivyovunjika, na pembeni mwa moja, juu ya ufizi, kijipu kidogo kama chembe ya mtama.

Kila mwenye nyekundu alipewa barua ya kwenda hospitali ya Rulenge. Esperansia aliigeuza ya kwake huku na huku.

"Dada, niende sasa hivi? Niuze kuku nimpeleke Rulenge?"

Agripina hakutaka kumjibu kwa kubahatisha. Alipanda kilimani, akampigia Celestini.

"Waambie wasubiri, Mama," Celestini alisema. "Daktari atakuja huko huko. Mwezi wa sita. Atakuja na kiti na dawa, atawang'oa na kuwaziba wote hapo shuleni. Kwa nini mtu ahangaike na safari?"

"Una uhakika, mwanangu?"

"Mama, nimewahi kukudanganya?"

Hakuwahi. Ndipo Agripina akazunguka tena vitongoji, nyumba sitini na moja, na kila alikofika alisema maneno yaleyale: wekeni barua, daktari anakuja mwezi wa sita. Watu wakaziweka barua kwenye Biblia, kwenye mabegi ya kliniki, chini ya magodoro. Esperansia aliichomeka ya kwake kwenye fito ya paa, jikoni.

Mwezi wa sita ulikuja na vumbi lake, daktari hakuja. Celestini alisema gari limeharibika. Mwezi wa saba alisema kuna kibali kinasubiriwa. Agripina alipopita sokoni akina mama walimuuliza kwa upole, baadaye wakamuuliza bila upole. Uwase aliacha kula mahindi ya kuchoma, kisha akaacha kula chochote kisicho uji. Mara mbili Esperansia alisema anampeleka hospitali, na mara mbili Agripina alimwambia avute subira kidogo tu, daktari yuko njiani. Maneno hayo ya mara ya pili aliyasema akiwa amesimama mlangoni mwa jiko, barua ikiwa inaonekana juu ya kichwa chake.

Wiki ya pili ya mwezi wa nane, Esperansia alikuja mbio asubuhi akiwa amembeba mtoto mgongoni kama kichanga. Shavu la Uwase lilikuwa limevimba na kukaza, uvimbe umeshuka hadi shingoni na kupanda hadi kulifunga jicho. Ngozi ilikuwa ya moto. Mate yalimtoka kwa sababu hakuweza kuyameza. Agripina alikuwa ameona wagonjwa wengi, akajua kwamba hapa hakuna tena suala la kesho. Walipanda pikipiki watu wanne, dereva, mama, mtoto na yeye, wakakimbizana na mabonde hadi Rulenge.

Hospitalini walimpokea haraka. Daktari aliyemtazama alisema uvimbe ungefunga koo kabla ya jioni. Walimpasua chini ya taya, usaha ukatoka, wakaling'oa gego moja na kuweka kimpira cha kuendelea kuutoa. Alipokuwa akiandika, daktari yule aliuliza bila kuinua kichwa, "Hili jino lilianza kuuma lini?"

Esperansia alimgeukia Agripina, akamwachia swali lile.

"Mwezi wa pili," Agripina akasema.

"Na mkakaa nalo miezi yote hii?"

Asubuhi iliyofuata Agripina aliondoka Rulenge bila kurudi nyumbani. Simu ya Celestini ilikuwa haipatikani. Alisafiri hadi Biharamulo, akafika ofisi ya mradi saa sita mchana, na mlinzi akamwambia timu nzima iko kijijini, kata ya Nemba, iko huko tangu Jumatatu. Akakodi pikipiki nyingine.

Aliukuta uwanja wa shule ya Nemba umejaa watoto. Walikuwa wamepanga foleni kwenye baraza la darasa, wakisukumana kama watoto wa popote. Agripina alisogea hadi mlangoni. Ndani palikuwa na kiti cha kulalia chenye taa ya shingo ndefu, meza ya vyombo vinavyong'aa, jenereta likinguruma nje ya dirisha. Mwanamke mwenye barakoa alikuwa ameinamia kinywa cha msichana. Msichana akashuka, amebana pamba kwenye meno, akatoka akimpita Agripina ubavuni. Alikuwa wa umri wa Uwase.

Mama mmoja aliyekuwa ameshika daftari la majina alimkaribisha. Aliitwa Irambona, mhudumu wa afya wa kata hiyo.

"Umemleta mjukuu, mama?"

"Hapana. Mimi napiga picha, kama wewe. Kule Mugoma, Ngara."

"Aa, wenzetu! Basi na ninyi mmehangaika. Huku watoto wamefurahi, daktari huyu ni mara ya pili anakuja. Mwezi wa nne aling'oa, sasa anaziba yaliyobaki. Kwenu ameshamaliza?"

Agripina aliishika nguzo ya baraza. Irambona alidhani ni jua, akamletea maji kwenye kikombe. Aliyanywa yote kwa kuwa hakujua afanye nini kingine na mikono yake.

Celestini alitokea nyuma ya darasa akiwa amebeba boksi la glavu. Alipomwona, alisimama.

"Mama! Shikamoo. Umefikaje huku?"

Kwa mara ya kwanza tangu amchukue, Agripina hakuitikia salamu yake.

"Uwase amelazwa. Amepasuliwa shingo."

"Uwase yupi?"

"Mia moja arobaini na mbili."

Hapo uso wa Celestini ulibadilika. Namba aliijua. Aliweka boksi chini.

"Mama, tuzungumze pembeni."

"Tuzungumze hapa hapa. Daktari wa mwezi wa sita yuko wapi? Ni huyu? Amekosea njia ya Mugoma?"

Celestini alimshika mkono, wakasogea hadi kwenye uzio wa minyaa, na huko akaanza kueleza kwa sauti ya chini, akichagua maneno kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Ulikuwa utafiti. Kata mbili zilichukuliwa. Kura ilipigwa. Nemba ikaangukia kundi la watoto wanaopigwa picha na kufuatwa na daktari, Mugoma ikaangukia kundi la wanaopigwa picha na kupewa barua tu. Mwisho wa mwaka picha za kata zote mbili zinalinganishwa, ndipo serikali na wafadhili watajua ipi ni njia bora.

"Ndivyo tafiti zinavyofanywa, Mama. Si mimi niliyepanga."

"Wewe ulilijua hilo lini?"

Aliangalia kule darasani.

"Nakuuliza lini, Celestini."

"Tangu mwanzo."

"Tangu siku ile umekaa kwangu unakula?"

"Ndiyo, Mama."

Agripina aliangalia watoto wa foleni. Mmoja alikuwa anamwonyesha mwenzake pengo lake jipya.

"Barua nimeielewa," akasema polepole. "Kura nimeielewa. Mngeniambia, ningewaambia wazazi nendeni hospitali, wenye kuku wauze, wenye nguvu watembee. Wangekwenda. Kwa nini ulisema daktari atakuja?"

"Ningesema hatakuja, wangekasirika. Wangekataa picha za mwisho wa mwaka, na bila picha hizo kazi yote inaharibika. Na mimi nilidhani labda baadaye, kama bajeti ikiruhusu, Mugoma nao..."

"Kama."

"Mama, nilikosea. Lakini nilidhani ni meno ya utoto tu, yangeng'oka yenyewe."

"Na kata hizo mbili, nazo zilichaguliwa kwa kura?"

Celestini alianza kuchuna minyaa kwa kucha. Utomvu mweupe ulimtiririka kidoleni.

"Hapana. Kura ilikuwa ya nani atatibiwa. Walitaka kata ambako wazazi hawatasumbua, na mimi nikaitaja Mugoma." Akafuta kidole kwenye suruali. "Kwa sababu yako. Nilijua wakikuona wewe hakuna atakayekataa."

Alipomzika Odeta, Agripina alikuwa na wa kumlaumu: ujinga wa mama mkwe, waya wa yule bibi, ujana wake mwenyewe. Safari hii aliona kitu kibaya zaidi. Miaka ishirini ya kutembea, matusi aliyoyameza, imani aliyoijenga kwa nyumba moja moja, mtoto aliyemlea alikuwa ameichota yote kwa mkupuo mmoja na kuitumia kama chambo. Wala hakuichota kwa chuki. Aliichota kwa sababu ilikuwa karibu na mkono wake.

"Nirudishe stendi," akamwambia. Celestini akaenda kutafuta gari.

Jumapili, baada ya sala ya jumuiya iliyofanyika uani kwa mwenyekiti wa kijiji, mzee Protasi, Agripina aliomba nafasi ya kusema. Alikuwa hajalala vizuri siku kadhaa. Alisimama mbele ya watu aliowasomea fomu, akasema habari yote bila kuizungusha: daktari hakuwa amepangwa kuja. Hatakuja. Watoto wa Nemba wametibiwa mara mbili. Wa Mugoma walipangwa kutazamwa tu.

"Aliyenidanganya mimi ni mtoto niliyemlea," akasema. "Aliyewadanganya ninyi ni mimi. Anayeweza kwenda hospitali, aende kesho, asinisubiri tena mimi wala mtu mwingine."

Mwanamke mmoja aliinuka, akajifunga kanga, akaondoka. Mwingine akasema kwa sauti ya kusikika, "Mtoto wake mwenyewe, halafu hakujua? Kikulacho ki nguoni mwako." Agripina alisikia, na hakujitetea. Mzee Protasi alimvuta kando na kumsihi aiache habari hiyo, mradi usije ukasusa, kesho kuna mambo ya visima na madawati, watu wakubwa hawapendi kelele.

"Mzee wangu, nimekaa kimya tangu mwezi wa pili bila kujua kwamba nilikuwa nimekaa kimya," akamjibu. "Inatosha."

Watu kumi na wawili walikwenda hospitali wiki ile. Waliobaki walikuwa wanasubiri maharage yavunwe, au walikuwa wamechoka kuambiwa cha kufanya.

Mwezi wa kumi gari jeupe lilirudi kwa ajili ya picha za mwisho wa mwaka. Celestini alishuka na boksi la simu, akaingia shuleni, akakuta akina mama thelathini na kitu wameketi kwenye baraza la darasa la kwanza, wakisuka mikeka, wakinyonyesha, wakichambua maharage kwenye nyungo. Agripina alikuwa katikati yao.

"Shikamooni, akina mama."

"Marahaba," wakaitikia, kwa kuwa salamu haikataliwi. Kisha mama wa makamo aliyekaa karibu na mlango akasema, "Daktari kwanza, picha baadaye."

Celestini alimtazama Agripina. Alikuwa na macho yale ya utotoni, ya mtoto aliyevunja chungu na anatafuta upande wa mtu mzima.

"Mama, waeleweshe."

"Nimeshawaelewesha," Agripina akasema. "Ndiyo maana wako hapa."

Celestini aliondoka, akarudi siku ya tatu akiwa na afisa mwingine. Watoto waliitwa mmoja mmoja, na mmoja mmoja walifumba midomo, wengine wakicheka kwa pembeni kwa sababu kwao ulikuwa mchezo. Hakuna aliyepiga kelele wala kurusha jiwe. Gari likashuka kilima bila picha hata moja.

Wiki moja baadaye alikuja mwanamke ambaye Agripina alimtambua mara moja ingawa safari hii hakuwa na barakoa. Alikuwa Daktari Febronia, yule aliyekuwa akiziba meno Nemba, na kumbe ndiye aliyekuwa mkubwa wa utafiti wenyewe. Aliketi kwenye kigoda uani kwa Agripina, akasema amesikia Mugoma wamegoma, anataka kujua sababu.

"Kwani hamkupewa barua za rufaa?" akauliza. "Taarifa niliyonayo inasema zote ziligawiwa."

Agripina aliingia ndani, akatoka na mfuko wa nailoni. Alikuwa amezikusanya barua kutoka kila nyumba ambayo haikwenda. Alizipanga juu ya mkeka, moja baada ya nyingine, nyingine zimeliwa na mende, nyingine zina harufu ya moshi. Zilikuwa arobaini na nane. Kisha akamweleza ni nani aliyeambiwa na nani aseme wasubiri.

Daktari Febronia aliokota barua moja, akasoma tarehe, akairudisha mahali pake.

"Hilo la daktari atakuja, sikulijua," akasema mwishowe.

"Nakuamini," Agripina akajibu. "Lakini kura uliijua."

Daktari aliinamisha kichwa.

Kiti cha kulalia kilifika Mugoma mwezi wa kumi na moja, pamoja na taa na jenereta. Daktari Febronia alifanya kazi siku tatu mfululizo. Meno mengi ambayo yangeweza kuzibwa mapema mwaka ule sasa yaling'olewa, kwa sababu muda ulikuwa umeyala. Uwase aliletwa siku ya pili. Alikuwa amepona, ila chini ya taya palibaki kovu la kukunjamana, na alikuwa amejifunza kuinamisha kichwa upande huo ili lisionekane. Aling'olewa gego la pili akiwa ameshika kidole cha Agripina, na hakulia. Esperansia alisimama mlangoni muda wote. Walipomaliza, alimshukuru daktari, akamchukua mtoto, na alipompita Agripina akasema, "Asante, Mama Afya." Miaka yote walikuwa wameitana dada.

Picha zilipigwa baada ya hapo, kama akina mama walivyosema. Celestini hakuwepo. Waliondoa jina lake kwenye mradi na kumrudisha kituo cha afya cha mbali, kung'oa meno kama tabibu mwingine yeyote.

Alikuja nyumbani mwezi wa kwanza. Alikuwa amekonda. Alileta sukari na sabuni, akapiga magoti kwenye sakafu ya udongo, akasema yote aliyokuja kusema, na alilia kweli, Agripina aliona. Alimwinua. Akamwambia amesikia. Akampikia, akamkalisha kwenye kiti chake cha siku zote, akamuuliza habari za kazi na za afya yake, na Celestini akajibu kila swali kwa adabu.

Baada ya kula alitazama saa. "Nitoke mapema, Mama. Gari la mwisho la Ngara linapita barabarani saa nane."

"Sawa."

Celestini akaingia chumbani kupumzika kidogo. Agripina aliosha vyombo, akavifunika. Kisha akajifunika kanga kichwani, akashuka polepole hadi barabarani, kwenye kivuli cha vijana wa pikipiki.

"Wanangu," akawauliza, "gari la mwisho la Ngara linapita saa ngapi?"

"Saa nane, Mama Afya," wakamwambia.

Alisimama pale kidogo, akiona aibu kama mtu aliyekutwa akipekua mfuko wa mwenzake. Alishukuru, akaanza kupanda kilima kurudi nyumbani, akijua kwamba kesho na keshokutwa, kwa lolote atakaloambiwa na Celestini, atashuka tena kuuliza.